Ufunguo Kaa Nao Wewe

Ukimpelekea gari, hakuanza kwa kukuuliza lina nini. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Ufunguo kaa nao wewe." Ukimnyooshea ufunguo, alirudisha mikono yake nyuma ya mgongo. Gari unazima wewe, ufunguo unachomoa wewe, unautia mfukoni au mkobani wewe, kisha unakwenda kukaa kwenye benchi lake la mbao na kubaki hapo mpaka kazi iishe. Akitaka gari liwashwe, anakuita. Likitakiwa kusogea hata hatua mbili, linasukumwa. Miaka yote niliyomjua sikumwona ameshika ufunguo wa mteja, na sikukutana na mtu aliyewahi kumwona.

Alikuwa fundi umeme wa magari pale Korogwe. Mji ule una mafundi wengi, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno jingine, watu walijua unamsema nani. Habari za ukoo wake sizijui. Nilisikia tu kwamba alikuwa na shamba Kerenge, na akina bibi waliotoka milimani aliwasalimia kwa Kishambaa. Zaidi ya hapo sikuuliza, maana swali la namna hiyo lingejibiwa kwa swali: "Wewe unazitaka za nini?"

Mimi nina duka la dawa za mifugo Handeni, na nyumbani kwangu ni Korogwe. Kwa hiyo maisha yangu yamepita kwenye njia ile, asubuhi kwenda, jioni kurudi, na gari langu likiharibika nimeharibikiwa mimi. Yeye aliniita Mama Chanjo. Na niseme mapema, mimi ni mtu wa kushuku. Labda biashara ndiyo iliyonifanya hivyo, labda nilizaliwa hivyo nikatafuta biashara ya kunifaa. Nikimpa muuza nyanya noti, namwangalia mkono. Nikiwekewa petroli, nashuka nisimame karibu na mita. Basi mtu kama mimi na mtu kama Fundi tulielewana vizuri sana, kwa maana kwamba hakuna aliyemwamini mwenzake na hakuna aliyeona vibaya.

Sheria ile ya ufunguo haikutoka hewani. Ilikuwepo wakati ule, na sidhani kama imeisha, hofu ya kila mwenye gari kwamba ukiliacha gereji, fundi atatoa kifaa chako kizuri aweke kibovu. Unaingia na betri nzima, unatoka na betri iliyochoka. Au fundi analichukua gari lako Jumapili anakwenda nalo harusini. Ndiyo maana watu walilinda magari yao. Mtu na heshima zake, mwalimu mkuu au katibu wa ofisi, angeshinda gereji siku nzima amekodoa macho, anakula mihogo ya kukaanga, hathubutu kwenda hata msalani. Mafundi wengine walichukia. Fundi wetu yeye aliwawekea benchi.

Alikuwa na beseni la plastiki la bluu. Kila kifaa kibovu alichokitoa kwenye gari lako alikitia mle, na kazi ikiisha alikusukumia beseni kwa mguu. "Chukua mzoga wako." Ukimwambia hukihitaji, hakukubali. Nyumbani nina ndoo nzima ya mizoga ya magari yangu, plagi, fyuzi, vipande vya waya vilivyoungua, stata mbili. Sijawahi kuitupa ndoo ile.

Alikuwa pia na tabia ya kufagia. Kila asubuhi aliumwagia uwanja wake maji kidogo, akaufagia kwa chelewa, mchanga ukabaki na mistari ya ufagio. Mwanzoni nilidhani ni usafi. Siku moja nilimkuta amechuchumaa anatazama chini, ananyoosha kidole. "Huyu amekuja mpaka kwenye dirisha, amesimama, amerudi. Kandambili. Mguu wa kushoto anauburuta." Nikamuuliza kama kuna kilichoibiwa. Akasema hakuna. "Lakini amekuja, na mimi najua amekuja." Nyayo alizisoma hivyo kila siku, kama watu wengine wanavyosoma gazeti.

Nilianza kumjua wakati wa ruksa, milango ya biashara ilipofunguliwa. Yeye alikuwa amejifunza kazi kwenye malori ya serikali, enzi ambazo spea ilikuwa haipatikani, lakini ukiipata, alisema, umepata spea. Kisha ghafla maduka yakajaa. Koili zikapangwa kwenye rafu kama sabuni, kila moja ndani ya boksi zuri linalong'aa, na watu wakashangilia, na Fundi akaingia kwenye mashaka ambayo hakutoka tena. Kila kifaa alikipima uzito kwa kiganja. Mpira aliunusa. Waya aliukwaruza kwa wembe aone kama ni shaba kweli au kitu kingine kilichopakwa rangi ya shaba. Maandishi ya kwenye boksi aliyasoma herufi moja moja, ingawa Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha. "Mwenye kiwanda hawezi kukosea jina la kiwanda chake," alisema, akanirudishia koili niliyoinunua Tanga. Kweli jina lilikuwa limekosewa. Nilikasirika, si kwa muuzaji, kwa Fundi, kwa sababu aliona kitu ambacho mimi mtu wa kushuku sikukiona.

Chai hakunywa mpaka aione ikimiminwa, na aliinywa kwa kikombe chake cha bati alichokifungia kwenye sanduku. Simu ya mkononi aliichelewesha kuliko mtu yeyote ninayemjua, na alipoipata hatimaye, ukimpigia hakusema haloo. Alisema, "Nani kakupa namba hii?" Nikimjibu ni yeye mwenyewe kanipa, aliuliza, "Lini?" Mwanafunzi wa kazi hakuweka, alisema hawezi kufanya kazi na macho mawili ya ziada mgongoni. Na bado mtu huyo huyo Ijumaa adhuhuri alikwenda msikitini akiacha sanduku la vifaa wazi, gereji wazi, na mteja yeyote aliyekuwepo akiambiwa, "Angalia hapo." Nilimuuliza haogopi kuibiwa? Akasema, "Wanaoiba spana ni mafundi, na mafundi hawaji kwangu."

Jambo moja lilinikera. Hakuwa mtu wa kueleza. Ukimuuliza ubovu ni nini, alikuonyesha kwa kidole, ukimuuliza umetokana na nini, alikwambia washa gari. Tatizo aliliwinda kwa kutumia bisibisi ndefu, ncha yake kwenye injini na mpini sikioni, macho amefumba. Alikuwa anasikiliza. Akisha kusikia, alijua. Lakini alichosikia alibaki nacho. Aliniambia mara moja kwamba mteja ukimweleza kazi nusu nusu ndipo anapoanza kukushuku vizuri. Mimi nilimshuku hata hivyo.

Na hapa niseme jambo ambalo nimekaa nalo muda mrefu. Pamoja na benchi, na beseni, na ufunguo mkobani, mimi nilikuwa naweka alama. Kila betri niliyonunua niliipaka nukta ya rangi ya kucha, nyekundu, sehemu ya chini pembeni ambapo mtu hatazami. Nilijifunza kwa mwanamke mwenzangu wa sokoni, na nadhani nusu ya wenye magari wa Korogwe walikuwa na alama zao za siri. Kila nikitoka kwa Fundi nilisimama mbele kidogo, nikafungua boneti, nikachungulia. Nukta yangu ilikuwepo kila mara. Ungedhani baada ya mara ishirini ningeacha. Sikuacha.

Gari la mwisho nililompelekea lilikuwa la haibridi, lililotumika Japani, linalokwenda kwa petroli na kwa umeme. Wakati ule magari hayo yalikuwa machache kwetu. Nililinunua kwa sababu ya njia ndefu na bei ya mafuta, na kwa sababu lilikuwa na ubaridi mzuri ndani. Ubaridi ndio shida yangu kubwa. Chanjo ikipata joto haina tofauti na maji, na mfugaji hawezi kujua kwa kuitazama. Anaichukua, anatembea nayo mpaka bomani kwake huko tambarare, anachanja, kisha ng'ombe wanakufa. Wazee wa Kimasai walionunua kwangu hawakuwahi kuniuliza hata mara moja kama dawa ililala kwenye barafu. Walichukua, wakaniaga, wakaenda. Mimi niliyekuwa nachungulia betri yangu nilikuwa naaminiwa hivyo.

Siku ya kwanza nilipoliingiza gari lile uwanjani, Fundi alisema, "Washa."

"Halijazimwa, Fundi. Linawaka sasa hivi."

Akanitazama kama ninamtania. Akachukua bisibisi yake, akaweka ncha kwenye injini na mpini sikioni, akafumba macho. Kimya. Akahamisha ncha. Kimya. Akalizunguka gari lote, mikono nyuma.

"Gari linalonyamaza hivi," akasema, "linaficha nini?"

Nilipomwambia nataka alifungie rimoti ya kuliwasha kwa mbali, aliketi. Nikamweleza. Gari langu linashinda juani Handeni; nikitaka kupakia chanjo kupeleka mnadani nalikuta ndani kama tanuri la mkate. Nataka nikiwa bado dukani nibonyeze, liwake, lipoe, nipakie kwenye ubaridi. Ndugu yangu wa Dar alikuwa ameniletea vyote, kiboksi chenye waya nyingi, rimoti, na ufunguo wa pili wa gari. Karatasi ya maelekezo ilisema ule ufunguo wa pili ufichwe ndani ya dashibodi, ukae humo daima, ili gari lidhani mwenyewe yupo.

Fundi aliigeuza karatasi mara kadhaa. "Ufunguo ulale ndani ya gari?"

"Ndivyo wanavyofanya, Fundi."

"Basi mlango una kazi gani?"

Alikataa. Nikarudi, akakataa tena. Mara ya tatu alikubali, na sharti lake moja. Funguo zote mbili zikae mkobani mwangu mpaka waya wa mwisho uungwe. Ufunguo wa pili nitaufunga mle ndani mimi kwa mkono wangu, yeye akiwa amesimama pembeni. Hata kwa mashine iliyotaka ufunguo ukae ndani, alipata njia ya kusema ufunguo kaa nao wewe.

Asubuhi ya kazi alinitembeza. Alinisimamisha kwenye gari na mkoba begani, akatazama taa fulani kwenye dashibodi, akaniambia nirudi nyuma hatua, na hatua nyingine, mpaka taa ile ikazimika. Akasogeza benchi nyuma zaidi ya hapo. Kisha akachukua kijiti, akachora mstari kwenye mchanga aliokuwa amekwisha kuufagia.

"Usivuke hapa mpaka nikuite."

Hakusema kwa nini. Ningetulia nikafikiri, ningeelewa. Gari lile liliuhisi ufunguo ukiwa karibu, na yeye alitaka liwe halinioni. Lakini mimi sikuona hivyo. Nilichoona ni kwamba kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Fundi ananiweka mbali na gari langu. Benchi limesogezwa. Mstari umechorwa. Na kwenye gari lile betri ya kawaida iko nyuma, kwenye buti, na buti lilikuwa wazi, kifuniko cha betri kimelegezwa. Wiki hiyo hiyo yule mwanamke wa sokoni alikuwa ameniambia betri za magari haya zinatafutwa Dar kama dhahabu. Hakuna hata moja kati ya hayo lililothibitisha wizi, lakini yalipokaa pamoja kichwani mwangu yalikuwa na sura ya kweli.

Akainua boneti, akapotea nyuma yake. Kile kiboksi kilikuwa kinajaribu kuwasha, kinatulia, kinajaribu tena. Nilikisikia kikigonga, tiki, kimya, tiki. Alikiacha makusudi, alikuwa anasikiliza mlio unafika wapi. Bila ufunguo karibu gari lisingeitikia. Mimi nilikuwa naona miguu yake tu chini ya gari. Ikasimama. Ikahama upande wa kushoto. Ikasimama tena muda mrefu. Nikajiuliza anafanya nini muda wote huo.

Nikavuka mstari. Nilinyata, kisigino juu, kwenye gari langu mwenyewe, mchana kweupe. Nikainama kwenye buti na mkoba mkononi, nikasukuma kifuniko, nikaitafuta nukta yangu.

Ilikuwepo. Nyekundu, palepale nilipoipaka. Nilifurahi, na niliona aibu kidogo, na furaha ilikuwa kubwa kuliko aibu. Nikainua uso. Kule mbele kwenye dashibodi taa ya kijani ilikuwa imewaka. Niliiona na sikuelewa ninachokiona. Gari lilikuwa kimya kabisa. Kisha injini ikanguruma.

Hakupiga kelele. Alisema, "Zima," kwa sauti yake ya kila siku. Nikakimbilia kitufe cha kuzimia gari, nikakibonyeza, na nilipofika mbele alikuwa amekaa chini, ameushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto. Alikuwa anapitisha waya karibu na mkanda wa injini. Mkanda ulimchukua vidole viwili, cha shahada na cha kati.

Nikamfunga kwa kanga yangu. Watu wakaja mbio, wa kwanza ni mchomelea vyuma wa jirani. Akamtazama Fundi, akatazama gari, akanigeukia mimi.

"Mama Chanjo, wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa benchi," nikasema.

Fundi aliinua macho. Hakunitazama mimi, alitazama uwanja, kule nyuma ya gari. Kisha akasema, "Alikuwa benchi. Gari limejiwasha. Waya nimekosea mimi."

Nikaendelea kuikaza kanga. Ningeweza kusema ukweli palepale, ikiwa bado inalowa. Ningeweza kusema hospitali, nilikokaa naye mpaka walipomaliza kumshona. Nilimpelekea uji, nikampelekea matunda, nikazungumza habari za mvua. Kila nilipofungua mdomo nilijiambia kwamba yeye mwenyewe anaamini gari limejiwasha, nikimwambia nitamwongezea maumivu. Huo ulikuwa uongo wa pili, na huo nilijidanganya mwenyewe.

Habari zikaenea kama zinavyoenea Korogwe. Fundi hayawezi magari ya kisasa. Fundi ni wa malori ya zamani, kakosea waya gari likamla vidole. Walisema kwa huruma, na huruma ile ilimmaliza haraka kuliko ambavyo matusi yangemmaliza. Wenye magari mapya wakahamia kwa vijana wenye kompyuta za kupimia. Benchi likabaki tupu. Baada ya muda gereji ikafungwa, na leo pale wanauza makava ya simu. Mimi nilipita hapo kila asubuhi nikienda Handeni, na kila asubuhi nilitazama upande mwingine.

Rimoti sikuifunga. Vijana wale walisema ni kazi ndogo tu. Sikuwapa. Kiboksi kilibaki kwenye buti, waya zikiwa zimezungushiwa tepu vilevile alivyoziacha yeye, na ufunguo wa pili ukabaki kwenye mfuko wa ndani wa mkoba wangu. Chanjo zangu nilizifunika mablanketi mabichi, nikaendelea na maisha.

Miaka ilipita. Mteja mmoja kutoka Kerenge akaniambia Fundi yuko Mkumbara, kando ya barabara ya Moshi, anatengeneza taa za sola na redio. Nilikaa na habari hiyo msimu mzima wa mahindi. Kisha siku moja nikafunga duka mapema na kwenda.

Nilimtambua kwa uwanja kabla ya kumtambua yeye. Mchanga ulikuwa umefagiwa. Kulikuwa na benchi. Alikuwa amezeeka, ndevu nyeupe, redio wazi mapajani. Nikasimamisha gari mbali kidogo, nikashuka.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba." Akalitazama gari, akanitazama mimi. "Ufunguo uko wapi?"

"Mkobani."

"Mkoba uweke kwenye jiwe lile kule. Halafu njoo ukae."

Nikauweka. Nikaja nikakaa. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima tangu Handeni, na yote yakaniruka.

"Fundi, siku ile sikuwa benchi."

"Najua," akasema, akiendelea kufunga skrubu. Aliifunga kwa kidole gumba na kidole cha pete, polepole, bila kukosea.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu nimekaa pale chini. Nyayo zilikuwa zimetoka benchi, zimevuka mstari, zimekwenda kwenye buti. Za vidole tu, kisigino hakikukanyaga." Akaipuliza vumbi redio. "Nikasema, huyu ananyata kwenda kwenye gari lake mwenyewe. Hakuna mwizi hapa isipokuwa yule anayedhani ni mimi."

Nililia. Sikulia kwa adabu, nililia nikiwa na kamasi, mbele ya mtu aliyekuwa anafunga redio. Hakuniambia ninyamaze. Nilipoweza kusema, nikamuuliza kwa nini aliwaambia watu nilikuwa benchi.

"Ningesema ulivuka, wangekuuliza ulivuka kwa nini. Ungewajibu nini?"

"Kwamba nilidhani unabadilisha betri."

"Basi." Akaiweka redio chini. "Wakasema Fundi hajui magari mapya. Sawa, waseme. Hilo ni jambo la kazi. Lakini wangesema Mama Chanjo, aliyekaa benchi lile miaka yote ile, alimshuku Fundi wizi. Ufunguo sikuushika maisha yangu yote nisije kusikia neno hilo. Ningelisikia siku ile ile nimepoteza vidole?"

 Nilikuwa nimekuja nikidhani nitamwambia kitu asichokijua, nimtue mzigo, kumbe mzigo alikuwa ameubeba akijua umetoka kwa nani. Nilimwomba msamaha. Akasema, "Haya," kama mtu aliyepokea chenji. Tukakaa. Malori yalikuwa yanapita kwenda Moshi.

Baada ya muda akanyoosha kidevu upande wa gari. "Rimoti ilikuja kufungwa na nani?"

"Haikufungwa. Kila kitu kiko kama ulivyokiacha."

"Na ufunguo wa pili?"

"Uko mkobani, pamoja na huu mwingine."

Fundi akaunyoosha mkono wake wa kulia, ule wenye vidole vitatu, kiganja juu. Nilimtazama bila kuelewa. Mkono haukurudi nyuma.

"Nipe funguo," akasema. "Zote mbili."

Nikaenda kwenye jiwe, nikafungua mkoba, nikamletea. Akazikunja kiganjani, akazitia ndani ya kikombe chake cha bati, akakipeleka mpaka upande wa pili wa uwanja na kukifunika kwa sufuria, gari lisizihisi. Akarudi, akachukua testa na bisibisi. Mstari hakuchora.

"Kaa hapo," akasema.

Akainua boneti, akapotea nyuma yake. Niliona miguu yake tu chini ya gari. Ikasimama. Ikahama upande wa kushoto. Ikasimama tena muda mrefu, mrefu kuliko nilivyopenda, na buti lilikuwa wazi, na mwili wangu wote ulitaka kuinuka. Nikalishika benchi kwa mikono miwili. Akaja akachukua ufunguo wa pili kwenye kikombe bila kunitazama, akaingia nao ndani ya gari, akainama chini ya dashibodi, akaufunga humo. Jua likashuka upande wa tambarare. Mwishowe akafunga boneti, akafunga buti, akasogea kando, mikono yote miwili mahali ninapoiona, rimoti katika mmoja.

Akabonyeza. Gari likakaa kimya kwanza, kisha likawaka lenyewe, na mimi nilikuwa benchi.